Ukiichoka Chrome: vivinjari mbadala vya kompyuta, kimoja kando ya kingine

Majina ni mengi: Firefox, Brave, Vivaldi, Opera, Edge, LibreWolf, Zen, Tor, na kila baada ya muda huzuka kingine kinachotangaza kwamba safari hii ndicho chenyewe. Kila kimoja kina ukurasa wa kujisifu, na sifa zenyewe hazitofautiani: kasi, usalama, faragha. Ukizisoma zote unatokea palepale ulipoingilia.

Kwa hiyo sitavipima kwa sifa hizo. Nitavipima kwa maswali mawili ambayo kurasa zile huyapita kimyakimya: ndani ya kivinjari hiki kuna injini ya nani, na mishahara ya wanaokitengeneza inatoka wapi? Ukishayajibu hayo, orodha inapungua sana. Kinachobaki ni tabia yako mwenyewe mbele ya kompyuta. Nazungumzia kompyuta ya mezani na ya pakato tu. Simu ina sheria zake.

Majina mengi, injini tatu

Injini ni ile sehemu inayosoma msimbo wa ukurasa na kuuchora kwenye skrini. Zenye watumiaji wa kutosha zimebaki tatu. Blink ya Google, iliyochipuka kutoka WebKit mwaka 2013, imo ndani ya Chrome, Edge, Brave, Vivaldi na Opera. Vyote hivyo hujengwa juu ya Chromium, mradi wa chanzo huria unaoongozwa na Google. WebKit yenyewe ni ya Apple na ndiyo inayoendesha Safari. Gecko ni ya Mozilla, na juu yake wamekaa Firefox na wadogo zake: LibreWolf, Waterfox, Zen, Tor Browser, Mullvad Browser.

Anayetoka Chrome akaenda Brave, kisha Vivaldi, kisha Opera, amekuwa akibadilisha mabasi yenye bodi tofauti juu ya chesisi ileile. Viti si vilevile, madirisha si yaleyale, na kwa safari ndefu hilo si jambo dogo. Lakini kiwanda cha chesisi kikiamua jambo, mabasi yote hulipata.

Mfano upo, na si wa zamani. Kati ya 2024 na 2025 Google ilizima viendelezi (programu ndogo za kuongezea kwenye kivinjari) vilivyoandikwa kwa kanuni za zamani na kubakiza vya kanuni mpya ziitwazo Manifest V3. Kwa kanuni za zamani, kizuia matangazo kiliweza kulitazama kila ombi linalotoka kwenye kompyuta yako na kuamua hapohapo: hili lipite, hili lisipite. Kwa kanuni mpya kinamkabidhi kivinjari orodha ya sheria, na kivinjari ndicho kinachoamua. Google ilieleza kwamba njia hii ni salama na nyepesi zaidi, na hoja hiyo si ya uongo, kwa sababu kiendelezi kinachoona kila kitu unachofungua ni hatari kikiingia mikononi mwa tapeli. Hata hivyo matokeo yake ni kwamba uBlock Origin, kizuia matangazo kilichopendwa na wengi, hakifanyi kazi tena kwenye Chrome. Kilichobaki ni ndugu yake mdogo, uBlock Origin Lite, anayejitahidi kwa nguvu alizopewa. Edge na Vivaldi vimefuata mkondo huohuo. Brave iliahidi kuendelea kuvibeba viendelezi vichache vya zamani, uBlock Origin kikiwemo, kwa kadiri msimbo wa Chromium utakavyoruhusu. Firefox ilipokea kanuni mpya bila kuzifukuza za zamani, kwa hiyo huko uBlock Origin kinafanya kazi kama kawaida.

Kuna na sababu ya pili ya kuijali injini, inayowagusa hata wasiojali matangazo. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Internet Explorer 6 ilitoka mwaka 2001 ikiwa imeshashinda vita vyote, na toleo la 7 likaja mwaka 2006. Miaka mitano mtandao mzima ulikaa ukiisubiri Microsoft, na tovuti zikajengwa kwa kufuata kasoro za kivinjari kimoja. Firefox 1.0, iliyotoka Novemba 2004, ndiyo iliyoiamsha. Leo watengeneza tovuti wengi hujaribu kazi yao kwenye Chrome peke yake, na wale waliowahi kuiona miaka ya IE6 wanayajua maumivu yake.

Sisemi uchague Gecko ili kuuokoa mtandao. Ukifanya kazi siku nzima kwenye tovuti inayogoma Firefox, mtandao utajiokoa bila wewe. Nasema tu ujue kwamba kuhama kutoka Chrome kwenda Brave ni kuhama chumba, na kwenda Firefox ni kuhama nyumba.

Pesa inatoka wapi

Hakuna kati ya hivi kinachouzwa, na karibu hakuna kinachotengenezwa bure.

Mozilla hupata sehemu kubwa ya mapato yake kutoka Google, inayolipa ili iwe injini ya kutafutia ya chaguo-msingi ndani ya Firefox. Ni kichekesho: mpinzani mkuu wa Chrome analishwa na mwenye Chrome. Agosti 2024 mahakama ya Marekani iliamua kwamba Google imejijengea ukiritimba wa utafutaji kinyume cha sheria, na kwa muda ikaonekana malipo hayo yangepigwa marufuku. Septemba 2025 jaji akaamua kwamba Google haitalazimishwa kuiuza Chrome, na kwamba inaweza kuendelea kulipia nafasi hizo mradi mikataba isiwe ya kuwafungia wengine nje. Mozilla ikapumua. Hata hivyo shirika linalotegemea mteja mmoja hivyo huwezi kuliita imara.

Brave Software inauza matangazo yake yenyewe, pamoja na usajili wa VPN (huduma ya kupitisha mawasiliano yako kwenye seva nyingine) na huduma nyingine za kulipia. Matangazo hayo si yale ya kwenye tovuti. Ni ya Brave, na ukikubali kuyatazama unalipwa kwa sarafu ya kidijitali iitwayo BAT. Vivaldi hulipwa na injini za kutafutia na wenye tovuti zilizo kwenye alamisho (njia za mkato za kurasa) zinazokuja ndani yake tangu mwanzo. Alamisho hizo unaweza kuzifuta zote dakika ya kwanza. Kampuni yenyewe inamilikiwa na watu wanaofanya kazi humo, bila wawekezaji wa nje. Microsoft na Apple zina mifuko mingine. Kwao kivinjari ni mlango wa kukuingiza kwenye huduma nyingine. LibreWolf ni kazi ya watu wanaojitolea, na Tor Project ni shirika lisilo la faida linaloishi kwa michango na ruzuku.

Jedwali hili ni la kutazama haraka tu. Vifuatiliaji ni msimbo unaokuandama kutoka tovuti moja hadi nyingine. Undani unafuata chini yake.

| Kivinjari | Injini | Mtengenezaji | Hufanya kazi kwenye | Kuzuia matangazo bila kiendelezi |
|---|---|---|---|---|
| Firefox | Gecko | Mozilla | Windows, macOS, Linux | Hapana. Huzuia vifuatiliaji tu |
| Brave | Blink | Brave Software | Windows, macOS, Linux | Ndiyo, tangu unapokifungua |
| Vivaldi | Blink | Vivaldi Technologies | Windows, macOS, Linux | Ndiyo, unawasha mwenyewe |
| Edge | Blink | Microsoft | Windows, macOS, Linux | Hapana. Huzuia vifuatiliaji tu |
| Opera | Blink | Opera | Windows, macOS, Linux | Ndiyo, unawasha mwenyewe |
| Safari | WebKit | Apple | macOS peke yake | Hapana. Huzuia vifuatiliaji tu |
| LibreWolf | Gecko | Watu wa kujitolea | Windows, macOS, Linux | Huja na uBlock Origin |

Firefox au Brave

Kwa watu wengi ushindani wa kweli uko hapa, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Brave ina ubora mmoja ambao hauna mshindani: haihitaji maarifa. Unakisakinisha, unakifungua, na tayari matangazo, vifuatiliaji na hata vile visanduku vya kuomba ruhusa ya vidakuzi (faili ndogo ambazo tovuti huziacha kwenye kompyuta yako ili ikukumbuke) vimeondoka. Ukitaka kumsaidia mzazi au bosi ambaye hatagusa mipangilio maishani mwake, weka Brave na uondoke. Na kwa kuwa ndani ni Chromium, viendelezi vya duka la Chrome vinaingia, na tovuti iliyojaribiwa kwenye Chrome huwa inakubali. Tovuti ikigoma, unabonyeza alama ya simba karibu na upau wa anwani, unaushusha ulinzi kwa tovuti hiyo moja, basi.

Firefox inakutaka ufanye kazi kidogo. Ukiitumia kama ilivyokuja, matangazo utayaona. Hadi uweke uBlock Origin ndipo inapong'aa. Lakini kuna mambo inayafanya yenyewe bila kuombwa. Tangu 2022 inamwekea kila mwenye tovuti chungu chake cha vidakuzi, kiasi kwamba mtandao wa kijamii hauwezi kukifikia kidakuzi chake ukiwa kwenye tovuti ya habari. Tafsiri ya kurasa, iliyoingia mwaka 2023, hufanyika ndani ya kompyuta yako. Maandishi unayoyatafsiri hayapelekwi kwenye seva ya mtu. Kwa anayesoma nyaraka za kazi hilo ni kubwa kuliko linavyosikika.

Halafu kuna Multi-Account Containers, kiendelezi cha Mozilla wenyewe, ambacho kwangu mimi ndicho sababu ya kutosha ya kuchagua Firefox hata kama mengine yote yangekuwa sawa. Kila kichupo unakipa rangi na kundi: kazi, nyumbani, benki. Makundi hayachangii vidakuzi. Unaweza kuwa umeingia kwenye barua pepe ya ofisi kwenye kichupo kimoja na ya kwako kwenye kingine, dirisha lilelile, bila kutoka na kuingia. Kwenye Chromium njia ya kawaida ni kufungua wasifu mwingine, yaani dirisha jingine zima. Anayeshughulikia akaunti za wateja kadhaa ataelewa mara moja. Mwenye akaunti moja tu ya kila kitu hataona faida yoyote.

Udhaifu wa Firefox nao utajwe. Vitu ambavyo wengine walishavizoea vilichelewa: vichupo vya wima na makundi ya vichupo vilifika mwaka 2025. Kuifanya tovuti ifunguke kama programu inayojitegemea, yenye dirisha na ikoni yake, ni jambo la siku nyingi kwenye Chromium. Firefox ilikaa bila hilo kwa miaka, na lilipoanza kurudi mwaka 2025 lilianzia Windows. WebUSB, njia ya tovuti kuzungumza na kifaa ulichokichomeka, inayotumiwa na baadhi ya tovuti za kupakia mfumo kwenye simu au vifaa vya elektroniki, haimo kabisa, na Mozilla waliikataa kwa makusudi kwa sababu za usalama. Na mara mojamoja utakutana na tovuti, hasa ya mikutano ya video au fomu ndefu za ofisi, inayokwambia utumie Chrome. Mara nyingine inasema hivyo kwa uvivu tu na ingefanya kazi. Mara nyingine kweli haifanyi.

Kuhusu uaminifu, hakuna malaika kati yao. Mwaka 2020 Brave ilikamatwa ikikamilisha anwani za tovuti fulani za sarafu za kidijitali kwa kuongeza msimbo unaoiletea kampuni kamisheni. Mkuu wake, Brendan Eich, yuleyule aliyebuni JavaScript mwaka 1995 na akawa miongoni mwa waasisi wa Mozilla, aliomba radhi na jambo hilo likaondolewa. Februari 2025 ilikuwa zamu ya Mozilla: walitoa masharti ya matumizi yenye maneno yaliyosomeka kama wanajipa haki juu ya kila unachoandika ndani ya Firefox, watumiaji wakawaka, na maneno yakaandikwa upya siku chache baadaye. Ninachokitazama mimi ni kwamba misimbo ya vivinjari vyote viwili iko wazi. Ndiyo maana mambo kama haya hugundulika.

Jingine la kuzingatia kwa Brave ni mapambo. Ukikifungua mara ya kwanza utakuta pochi ya sarafu, zawadi, msaidizi wa akili mnemba, kitufe cha VPN. Vyote vinafichika, na ukishavificha havisumbui. Ila inabidi ufanye usafi kwanza, jambo ambalo linapunguza kidogo ile sifa niliyoipa ya kutohitaji kuguswa.

Vivaldi, kwa wenye vichupo mia

Wapo watu ambao tatizo lao si matangazo. Tatizo lao ni vichupo vilivyobanana mpaka majina hayasomeki. Hao waangalie Vivaldi kabla ya kingine chochote.

Mwanzilishi wake ni Jon von Tetzchner, aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa Opera. Opera ilipoachana na injini yake ya Presto mwaka 2013 na kuhamia kwenye ya Google, ikapoteza njiani vitu vingi vilivyopendwa na wapenzi wake. Vivaldi 1.0, ya Aprili 2016, ilikuwa jibu la watu hao. Vichupo vinarundikwa, rundo moja likawa na safu yake ya pili. Vinapangwa kandokando kwenye dirisha moja, viwili, vitatu, vinne, ukasoma huku unaandika kule. Vinagawanywa kwenye maeneo ya kazi. Upau wake unaweza kukaa juu, chini, kushoto au kulia. Bonyeza F2 linafunguka sanduku la kutafutia amri, na ukizizoea hizo, kipanya kinapumzika. Njia za mkato karibu zote unaweza kuzibadilisha. Ndani kuna daftari la kuandikia, kisomaji cha milisho, kalenda na hata programu ya barua pepe inayojitosheleza.

Yote hayo yana gharama. Sura ya Vivaldi imetengenezwa kwa teknolojia zilezile za kurasa za wavuti, na kwenye kompyuta dhaifu utauona uzito wake, hasa unapofungua dirisha jipya. Sehemu hiyo ya sura pia haiko chini ya leseni huria, ingawa msimbo wake unaweza kusomwa. Wanaoshikilia programu huria kama imani wataliona hilo ni doa. Na mipangilio yake ni msitu. Anayependa kurekebisha vitu atafurahi wiki nzima. Asiyependa atajiuliza kwa nini kivinjari kina mambo mengi kuliko kazi yenyewe. Kizuia matangazo cha ndani kinatosha kwa siku za kawaida, lakini hakifikii kile cha Brave, achilia mbali uBlock Origin.

Vile vya kupita haraka

Edge imeshakaa kwenye Windows, na tangu Januari 2020 ndani yake ni Chromium. Si kibaya. Vichupo visivyotumika hulazwa ili kumbukumbu ipumue, vichupo vya wima vimo tangu 2021, na ofisi yenye mfumo wa kale uliojengewa Internet Explorer itaokolewa na hali maalumu ya kuufungua mfumo huo ndani ya Edge. Kinachoudhi ni kusukumwasukumwa: tumia Bing, ingia kwa akaunti ya Microsoft, rudi Edge. Kama unaikimbia Google kwa sababu ya data zako, kukimbilia kwa jitu jingine si kukimbia.

Opera ina upau wa kando mzuri na wapenzi wake, na Opera GX ina vidhibiti vya kuweka kikomo cha RAM (kumbukumbu ya kompyuta) na kichakataji ambavyo wacheza michezo huvifurahia. Mwaka 2016 ilinunuliwa na kundi la wawekezaji kutoka China. Ile "VPN ya bure" inayotangazwa sana inapitisha mawasiliano ya kivinjari tu, si ya kompyuta nzima, kwa hiyo usiitegemee kama VPN kamili.

Safari ni ya wenye Mac, maana toleo la Windows liliishia mwaka 2012. Kwenye Mac ya pakato inatunza betri vizuri, na inavizuia vidakuzi vya watu wa tatu vyote tangu 2020, kitu ambacho Chrome iliahidi mwaka huohuo, ikaahirisha, ikaahirisha tena, kisha ikaachana nacho. Viendelezi vyake ni vichache. Mwenye Mac asiye na mahitaji ya ajabu hana haja ya kuendelea kusoma.

Arc iliwateka wengi kwa sura yake, lakini Mei 2025 watengenezaji walisema hawaiongezei tena mambo mapya, na Septemba mwaka huo Atlassian ikatangaza kuinunua kampuni. Walioachwa njiani wengi wanaitazama Zen, ambayo ina sura ya namna hiyo juu ya Gecko. Inapendeza, ila ni changa na timu yake ni ndogo. Kwa kivinjari hilo lina maana ya moja kwa moja: Chrome na Firefox hutoa toleo jipya karibu kila wiki nne, na kati yake hutoa viraka vya dharura pale tundu linapogunduliwa. Kila kivinjari kilichojengwa juu yao lazima kiwe na mtu wa kukimbizana na viraka hivyo. Kabla ya kukiamini chochote kidogo, tazama tarehe za matoleo yake ya karibuni. Kama kipo nyuma kwa wiki kadhaa, uzuri wa sura haukusaidii.

Faragha ya kiwango cha juu, na bei yake

LibreWolf ni Firefox iliyofungwa kila tundu mapema: haitumi takwimu za matumizi, uBlock Origin kimo tayari, na kila ukiifunga inafuta vidakuzi na historia. Inapinga pia ule utambuzi wa kompyuta kwa alama zake, kama vile fonti, ukubwa wa skrini na kadi ya picha. Inavutia kwenye karatasi. Kwenye matumizi, kila asubuhi unaingia upya kwenye akaunti zako, filamu za huduma za kulipia hazichezi mpaka uwashe ulinzi wa hakimiliki mwenyewe, na kwa sababu inaificha saa ya eneo lako, kalenda ya mtandaoni inaweza kukuonyesha mkutano kwa saa za UTC (saa ya rejea ya dunia). Vyote vinarekebishika, ila ukishavirekebisha vyote umerudi karibu na Firefox ya kawaida. Kwa maoni yangu wengi wanaoiweka LibreWolf wangetosheka na Firefox, uBlock Origin, na ulinzi wa ufuatiliaji uliopandishwa hadi kiwango kikali.

Tor Browser ni jambo jingine kabisa na haifai kuwekwa kwenye mizani hii kama mbadala wa kila siku. Inapitisha mawasiliano kwenye vituo vitatu ili tovuti isijue unatoka wapi na mtoa huduma wako wa intaneti asijue unakwenda wapi. Ni ya polepole, tovuti nyingi huitilia shaka, na ukiingia kwenye akaunti yenye jina lako umeshajitambulisha. Usiiongezee viendelezi, nguvu yake ni kila mtumiaji kufanana na mwenzake. Brave ina dirisha la Tor pia, lakini Brave wenyewe hushauri kwamba ambaye usalama wake unategemea kutojulikana atumie Tor Browser halisi. Mullvad Browser, iliyotoka Aprili 2023 kwa ushirikiano na Tor Project, ina ulinzi uleule wa kufananisha watumiaji bila ule mtandao wa vituo. Imekusudiwa kuendeshwa pamoja na VPN.

Na Hali Fiche ya kivinjari chochote, kama bado kuna anayeitegemea, inaficha historia kwa anayetumia kompyuta hiyohiyo baada yako. Mtoa huduma wa intaneti na mwajiri haiwafichi.

Kompyuta ikiwa ya zamani

Habari za kivinjari kipi "kinakula RAM" kidogo zichukuliwe kwa tahadhari. Inategemea tovuti, viendelezi, na idadi ya vichupo kuliko nembo. Pima mwenyewe: fungua tovuti zako zilezile kwenye viwili unavyovishindanisha, kisha kwenye Firefox andika about:processes kwenye upau wa anwani, na kwenye vya Chromium fungua kidhibiti cha kazi kwa Shift na Esc. Utashangaa mara ngapi mkosaji ni kichupo kimoja cha mtandao wa kijamii. Kuzuia matangazo ndiyo dawa kubwa kuliko kuhama kivinjari, kwa sababu matangazo na vifuatiliaji ndivyo vinavyobeba msimbo mwingi.

Kwa aliyekwama Windows 7 au 8.1 hakuna cha kulinganisha. Chrome iliishia toleo la 109 mwanzoni mwa 2023, na vyote vinavyoitegemea Chromium vikafuata. Firefox ESR 115 (toleo la kutunzwa muda mrefu) ndiyo iliyoendelea kupewa viraka vya usalama kwa mifumo hiyo, na muda wake umeongezwa zaidi ya mara moja. Ni njia ya kuvukia tu. Mfumo wenyewe haupati tena viraka, na mashine hiyo ingepata maisha marefu zaidi chini ya Linux nyepesi.

Kuhama bila kupoteza vitu

Vivinjari karibu vyote nilivyovitaja huweza kuchukua alamisho, na vingi huchukua historia na manenosiri pia, moja kwa moja kutoka Chrome. Uchukuaji wa manenosiri ukigoma, kuna njia ya faili la CSV: unayatoa Chrome, unayaingiza upande wa pili. Faili hilo ni maandishi matupu. Yeyote atakayelifungua anasoma kila nenosiri ulilonalo. Lifute papo hapo, kisha safisha na pipa la taka. Funguo za siri zinazochukua nafasi ya nenosiri, ulizozihifadhi kwenye Google, hazimo kwenye CSV. Hizo utaziunda upya tovuti moja moja. Mwenye kutaka kuhamahama bila adha atumie programu ya manenosiri inayojitegemea kama Bitwarden, ili kivinjari kisishike funguo za nyumba.

Usawazishaji kati ya vifaa nao unatofautiana. Firefox husimba data kabla haijatoka kwenye kompyuta yako, na funguo inatokana na nenosiri lako; ukilisahau bila kuwa na ufunguo wa kuokolea, nakala iliyoko kwenye seva imekwenda. Brave haihitaji akaunti kwa usawazishaji, inakupa mlolongo wa maneno unaouingiza kwenye kifaa cha pili. Vivaldi ina nenosiri la pili la usimbaji mbali na lile la akaunti. Chrome inaruhusu kuweka kaulisiri yako, ila ni hiari na wengi hawajui kwamba ipo.

Kwa hiyo?

Kama unataka kusakinisha na kusahau: Brave, baada ya kuficha mapambo yake. Kama una akaunti nyingi, unasoma sana, au unataka kizuia matangazo chenye nguvu zote: Firefox. Kama siku yako inaishia kwenye vichupo hamsini na kompyuta ina misuli: Vivaldi. Mac na mambo ya kawaida: baki Safari. Kompyuta ya ofisi yenye masharti: Edge, na uizime mialiko yake.

Mimi ningeweka viwili. Firefox kama cha msingi, na kimoja cha Chromium, Brave au Vivaldi, kwa tovuti zile zinazogoma na kwa mikutano ya video. Kwenye cha pili usiingie kwenye akaunti yoyote zaidi ya zile zinazokilazimu, na usikisawazishe. Chrome usiiondoe mwezi wa kwanza. Kuna nenosiri fulani ambalo utaligundua kuwa halikuhama siku ile tu utakapolihitaji.